Pumzi Nyuma ya Pazia

Asubuhi ile nesi wa shule alikuta kitanda cha zahanati kimebonyea katikati, kana kwamba mtu mwepesi amejilaza, na shuka lina joto. Mlango alikuwa ameufungua yeye mwenyewe dakika hiyo hiyo. Akalinyoosha shuka, akageuka kuchemsha maji, na hapo akasikia nyuma ya pazia mluzi mwembamba wa kifua kilichobana.

Aliujua mluzi ule. Ulikuwa wa binti waliyemwita Kasuku, kwa vile hata pumu haikuweza kumfunga mdomo.

Kasuku alikufa muhula uliopita. Kanuni ya afya ya shule, ambayo wazazi walisomewa na kuikubali, ilisema dawa yoyote ikae kwenye kabati la zahanati, imefungwa, mwanafunzi asitembee nayo. Siku pumu ilipomkaba, nesi alikuwa hospitalini na mtoto aliyevunjika mkono, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Walimu walivunja kabati kwa nyundo. Walipoipata inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta, Kasuku alikuwa amekwisha kunyamaza. Mama yake, mshonaji, alifika akamkuta amefunikwa.

Nesi hakutangaza alichokisikia, lakini shule haina siri. Mama akaja, nyuzi zimemganda kwenye gauni.

"Mdogo wangu, niruhusu nikae kidogo tu."

Akakaa kando ya kitanda. Mluzi ulipoanza, alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. "Ni yeye. Ndivyo anavyolala huyu."

Tangu hapo akawa anakuja kila mchana, anakipigia kitanda soga za nyumbani. Nesi aliona anavyokonda. Midomo ilimgeuka rangi ya majivu, akawa anahema kwa kuvuka uwanja tu. Chumba nacho kikaanza kunuka udongo uliofukuliwa, harufu ambayo hakuna dawa ya kusafishia iliyoifuta, hadi mchana mmoja msichana wa darasa la pili alipoletwa na homa, akalazwa pale kwa kuwa kitanda ni hicho hicho kimoja, na nesi, akiwa bado anatafuta kipimajoto, akasikia vifua viwili vikipiga mluzi kwa pamoja, kimoja kikipanda na kingine kikishuka, akalivuta pazia na kumkuta mtoto macho yamemtoka, anavuta hewa isiyoingia, na shuka limebonyea ubavuni mwake pasipokuwa na mtu.

Alimnyakua, akamkimbiza nje. Mtoto akapumua.

Mwalimu mkuu akamwita mganga, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Alisikiliza akiwa mlangoni, nesi na mama wa Kasuku wakiwa ndani.

"Si mtoto huyo. Ni jini, amevaa pumzi za mtoto, na anaishi kwa kula za wengine. Nikimfukuza mimi atarudi. Anayemkaribisha ndiye amfukuze."

"Sitaki kujua ni nani," mama alinong'ona. "Kama ni jini, basi ni jini anayepumua kama mwanangu. Hicho nitakipata wapi tena?"

"Na yule aliyetolewa hapa leo? Hana mama?"

Mama alikaa kitandani, akaweka kiganja pale palipobonyea.

"Toka," alisema. "Wewe si wangu. Toka, mwachie mwanangu pumzi zake."

Kitanda kikajibu kwa sauti ya Kasuku: "Mama, nabanwa. Usiniache."

Nesi alimshika bega. "Dada, tutoke."

"Niache. Siku ile sikuwepo."

Akarudia kusema toka, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, na kila aliposema mluzi ulizidi kuwa mwembamba, ukaanza kuruka pumzi moja, kisha mbili, na mama akawa anavuta hewa pamoja nao kama anayemsaidia mtu kubeba mzigo mzito, mpaka ikaja pumzi ndefu iliyokwaruza, akaisubiri inayofuata, akaisubiri, akaisubiri.

Harufu ilikatika. Shuka likapoa chini ya kiganja chake.

Baadaye kanuni ilibadilishwa, sasa mtoto mwenye pumu hutembea na inhela yake. Siku hiyo mganga alikwenda zake. Mama alibaki ameketi hadi kengele ya kutoka ikalia na uwanja ukajaa kelele za watoto.

"Ilikuwa hivi?" akamuuliza nesi. "Siku ile, ilikuwa hivi?"

Nesi naye hakuwepo. Alikaa kando yake, akamshika mkono.