Siri ya Jamu ya Mama Tusekile

Kila asubuhi kabla ya shule, Tusekile alimenya ndizi. Mvua ya Tukuyu inyeshe au ipumzike, kazi ilikuwa ile ile: kumenya, kukata, kisha kumpa mama yake, Tupokigwe, aliyekuwa akikoroga jamu jikoni. Jamu ya ndizi ya watu wengine iligeuka nyeusi baada ya siku chache. Ya mama ilibaki na rangi yake nzuri, na namna ya kuizuia isigeuke waliijua yeye na binti yake tu. Angalau ndivyo mama alivyoamini.

Miaka ile serikali ilikuwa imefungua biashara kwa watu binafsi. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni za kila rangi, na kata yao nzima ya Ibighi ilitaka kuuza kitu. Bwana Nelson, mwenye duka la jumla Mbeya, alionja jamu ile akaipenda. Ila kabla ya kutoa mtaji wa kuitengeneza kwa wingi, alitaka kuona inavyotengenezwa. Mama alihangaika. Akimwonyesha, huenda akaenda kuitengeneza mwenyewe. Asipomwonyesha, jamu itaishia hapo hapo Ibighi.

Akaitwa mjomba Andrea, karani wa mahakama, mtu asiyeishiwa utani. Alishauri waandike makubaliano ya kutunza siri. Tusekile alikuwa na mwandiko mzuri, hivyo akapewa kalamu. Akaandika upesi: "Bwana Nelson asimwambie mtu siri ya mama."

Mjomba akacheka. "Siri ipi, mpwa wangu? Mama yako ana siri nyingi, hata umri wake hatuujui."

Kisha akawafundisha. Karatasi iseme wazi siri ni nini: ndizi na sukari kila mtu anazijua, siri ni namna ya kuzuia rangi isigeuke. Iseme Bwana Nelson anaonyeshwa ili aamue kuhusu biashara, si kwa jambo lingine. Iseme anaruhusiwa kumwambia nani, atanyamaza hadi lini, na akivunja ahadi itakuwaje. Mwisho, mama athibitishe kwamba siri haijatoka nje ya nyumba, maana huwezi kumfunga mtu kwa jambo linalojulikana sokoni.

Hapo kalamu ya Tusekile ikasimama.

Majuma machache nyuma kulikuwa na msiba kwa kina Ikupa, rafiki yake. Kama ilivyo desturi, kila nyumba ilipeleka mkungu, na wasichana wakakaa uani kumenya. Ndizi zilipoanza kuwa nyeusi kwenye beseni, shangazi zake Ikupa wakaguna. Tusekile, kwa kupenda sifa, akamvuta Ikupa pembeni akamwonyesha ile namna ya mama. Sifa alizipata. Tangu Bwana Nelson alipojitokeza, sifa zile zilimgeukia mzigo.

Akaiweka kalamu chini. Akatoka nje, akarudi, akanywa maji bila kiu. Akisema, huenda biashara ikafa. Asiposema, mama atasaini uongo ulioandikwa na binti yake.

"Mama," alisema hatimaye, "Ikupa anajua. Nilimwonyesha mimi, kule msibani."

Mama alikasirika, wala hakuficha. Kisha akajifunga khanga, wakaenda kwa kina Ikupa. Ikupa alisema amemwambia mama yake tu, na mama yake akasema hawezi kupeleka sokoni jambo aliloletewa nyumbani kwake katika msiba. Wote wawili wakakubali kuandikwa kwenye karatasi na kutunza siri.

Jumamosi Bwana Nelson alikuja, akaisoma karatasi polepole. Alipofika kwenye majina ya Ikupa na mama yake, akainua macho. Tusekile alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hili mngeweza kunificha," alisema.

"Tungeweza," mama akajibu.

Bwana Nelson akasaini. Alisema mtu anayeandika hata lile linalomwaibisha hatamficha siku jamu ikiharibika.

Alipoondoka, mjomba alimsogezea Tusekile karatasi na kumwonyesha nafasi iliyobaki chini ya jina la mama.

"Nawe saini, mpwa wangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulijikwaa, lakini ukweli wako ndio ulioinusuru kazi ya mama yako. Ahadi ya kutunza siri huanza na sisi wenyewe, kabla ya kumdai mgeni."

Tusekile akasaini. Katika msiba uliofuata, shangazi zake Ikupa walimuuliza mbona ndizi zake hazigeuki rangi. Aliwaambia hilo wamuulize mama, akaendelea kumenya.