Mkoba wa Kumpiku Wifi

Ukimpelekea mshonaji huyu gauni la kupunguza, haanzi kwa kulisifu. Huligeuza ndani nje kwanza. Hupitisha kidole gumba kwenye mishono, huvuta uzi kidogo, hutazama bitana. Ndipo akwambie kama gauni lako limeshonwa au limebabaishwa. Mtaa mzima unamheshimu kwa hilo.

Anafanyia kazi chumba cha mbele. Kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Ng'ambo ya njia yuko fundi viatu, ambaye nyundo yake husikika tangu asubuhi. Nyuma ya chumba mshonaji anaishi na mumewe, fundi bomba, na mama mkwe wake.

Mwaka ule mama mkwe alikuwa karibu kustaafu. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na saba, na muda wote huo alibeba vitu vyake katika mfuko wa plastiki. Miwani, dawa za presha, leso, vyote humo.

Jumapili moja wifi alikuja kuwasalimu. Huyu ni dada wa fundi bomba, nesi katika zahanati. Alikuja na mkoba wa rangi ya kahawia. Haukuwa na mapambo, lakini ulikaa begani kama umezaliwa naye. Mama mkwe aliuchukua, akauweka mapajani, akawa anaupapasa huku anaongea. Jirani aliyeingia kuomba chumvi naye akauliza umenunuliwa wapi.

Mshonaji alileta chai. Alikuwa amevaa gauni jipya, alilolishona mwenyewe kwa siku tatu. Hakuna aliyeliona.

Wakati mama ametoka kwenda jikoni, fundi bomba aliwaambia jambo lake kwa sauti ya chini. Siku ya kumuaga mama shuleni, wao watoto wampe mkoba mzuri. Kisha akaongeza neno ambalo angelimeza kama angejua.

"Dada atachagua. Kwenye nguo sawa, mke wangu, huna mpinzani. Lakini kwenye mikoba dada ana jicho."

Roho ilimuuma mshonaji. Yeye, anayewachagulia maharusi vitambaa, leo hana jicho? Alisema atachagua yeye. Wifi alitabasamu, akajibu kwamba hiyo ndiyo sawa, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na mama. Upole huo ulimchoma kuliko tusi.

Wiki nzima mkoba wa kahawia ulikuwa machoni pake. Alikata kitambaa, akauona. Alipiga pasi, akauona. Hata akimsikia nesi mwingine akitajwa redioni, uso ulimbadilika.

Ijumaa alikwenda kwenye duka kubwa lenye vioo na hewa ya baridi. Huko aliona mkoba mwekundu, mkubwa, unaong'aa, wenye pete nne za rangi ya dhahabu. Ulining'inia na kadi ndogo ya kijani, yenye picha ya jani. Iliandikwa: Ngozi halisi. Rafiki wa mazingira.

Muuzaji alimwambia kwamba wanaojua vitu wananunua ule. Mshonaji aliuliza swali moja tu: kuna mtu mwingine wa mtaani kwao aliyekwisha kuununua? Akaambiwa hakuna. Akalipa.

Mwanamke ambaye hajapata kupokea hata kitambaa cha sahani bila kukigeuza, siku ile hakufungua zipu. Alikuwa akipima kitu kimoja: je, huu unaupita ule wa wifi? Ulikuwa mkubwa zaidi na uling'aa zaidi. Hayo yakamtosha.

Mkoba ulikaa juu ya kabati, karibu na paa la bati, ukisubiri sherehe. Siku zilikuwa za joto. Zilibaki siku tisa, na mshonaji hakuweza kungoja. Mama atafurahi, sawa, lakini wifi atauona lini vizuri? Wifi atauonea wapi wivu, katikati ya kelele za sherehe?

Jumatano akasema kichwa kinamuuma. Alivaa gauni la rangi ya maziwa, akautoa mkoba wa mama, akautia begani, akaenda zahanati.

Kina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao. Wifi alikuwa anapima uzito. Mshonaji aliuweka mkoba juu ya meza, karibu na mizani, mahali ambapo hata kipofu angeugusa. Wifi aliuona, akamsifia. Kisha akauliza taratibu kama huo si ndio wa mama.

"Naujaribu tu, wifi," alijibu mshonaji. "Nisije nikampa mama kitu kisichobebeka."

Akauinua. Pete moja ikachomoka, mkanda ukabaki mkononi, mkoba ukaanguka chini. Ubavu wake ulikuwa umepasuka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Na kwenye gauni la rangi ya maziwa, kuanzia kwapani hadi kiunoni, palikuwa na doa jekundu. Rangi ilikuwa imeyeyuka kwa jasho.

Mama mmoja wa kwenye foleni alicheka, kisha akajifunika mdomo. Wifi hakucheka. Aliuokota mkoba, akavua koti lake jeupe, akamvisha mshonaji.

"Vaa mpaka nyumbani, wifi. Utanirudishia."

Mshonaji aliona afadhali wifi angecheka.

Hakuingia kwake. Alivuka njia hadi kwa fundi viatu, akamwomba autengeneze mkoba kabla mtu hajaona. Mzee yule aliugeuza, akaunusa, akachana ukingo kwa ncha ya kisu. Chini ya wekundu kulitokea kitambaa chepesi kama bendeji, na chini yake karatasi ya boksi.

"Mama, ngozi hii haijapata kuwa na mkia," alisema. "Ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Hapa sina pa kupitisha sindano. Nikishona, patachanika pembeni."

Mshonaji akamwonyesha ile kadi ya kijani. Fundi alisema jani lile limechapishwa tu. Hata yeye akipeleka makopo yake ya gundi kwa mchapishaji, atawekewa jani. Kadi isiyosema nani amekagua na amekagua nini, ni karatasi.

Kisha akamweleza mambo, huku anaendelea kupigilia soli. Plastiki kama ile hubanduka mapema, na ikitupwa haiozi. Mume wa mshonaji anaijua vizuri. Kila mvua ikinyesha, si anaitoa kwenye mifereji na mabomba? Ngozi nayo isisifiwe tu kwa kuwa ni ngozi. Kuna wanaoilainisha kwa dawa kali, kisha maji yake wanayamwaga mtoni, na chini ya mto kuna watu wanachota.

"Na anayeshona je?" aliuliza mshonaji. Swali hilo lilimtoka tu.

Fundi aliweka nyundo chini. Ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha kugandisha soli. Chumba kilifungwa madirisha ili vumbi lisiingie. Walivuta harufu ya gundi kutwa nzima. Walilipwa kwa kila jozi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutoka nje kupumua. Mwenzake alianguka, wakamsogeza pembeni, kazi ikaendelea.

"Viatu vile vilikuwa vinang'aa sana," alisema. "Siku hizi nikinunua kitu nauliza. Kimetengenezwa kwa nini? Nani amekishona, na alilipwaje? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, naondoka."

Mshonaji aliichukua tena kadi yake. Kisha akauliza lile lililokuwa linamkereketa. Ule mkoba wa kahawia wa wifi yake, ule mpya, ni wa namna gani?

"Mpya?" Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Ule una miaka tisa. Zipu nimebadilisha mimi mara mbili. Aliununua karakana ya kina mama, nyuma ya ghala la mbao."

Basi alikuwa ameuonea wivu mkoba mkuukuu. Na angeweza kuugeuza siku ile ile mapajani mwa mama, akajua yote. Wivu ulikuwa umemfunga mikono.

Alirudi kwanza dukani. Alisema kadi inadai ngozi, na hii si ngozi. Muuzaji alijibu kwamba mkoba ulishatumika, na doa la jasho ubavuni ni ushahidi. Na ni kweli, mshonaji aliutumia. Kama angeugeuza kabla ya kulipa, wasingefika huko.

Zilibaki siku nane. Angeweza kwenda karakana peke yake, akanunua mkoba mwingine, asijue mtu. Lakini koti jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, linamtazama. Alilifua, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama, akalipeleka.

"Wifi," alisema, "nilikuonea wivu. Sikuja kutibiwa kichwa. Nilikuja uuone mkoba."

"Nilijua. Mtu anayeumwa kichwa hapaki wanja."

Nesi alilipokea koti lake. Kisha nesi akasema polepole, "Na mimi nakuonea wivu wewe. Mama akiumwa usiku anakuita wewe. Mimi nesi, mwanawe, naambiwa kesho yake."

Mshonaji hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kumwonea wivu. Alimwambia wifi avue kofia ya kazi, waende karakana.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha wazi pande zote mbili. Wanawake sita walikuwa wanashona, wanabishana juu ya bei ya mkaa. Hawakuacha kazi kwa sababu wageni wameingia.

Msimamizi aliwatolea mikoba mitatu. Safari hii mshonaji hakutazama nje. Alifungua zipu, akavuta bitana, akapitisha kidole gumba. Kwenye mmoja alikuta mshono haujafungwa mwisho wake. Msimamizi hakununa. Alimwita aliyeushona, akaufunga pale pale.

Kisha mshonaji akauliza maswali ya fundi viatu, moja moja. Ngozi inatoka kwa mtu wanayemfahamu, anayeilainisha kwa magome ya miti, na wao wenyewe wamekwenda kuona mashimo yanakoingia maji yake. Bitana ni mabaki ya turubai safi. Washonaji wanalipwa kwa siku, na kiwango cha kila mmoja kimebandikwa ukutani, akisome anayetaka. Mkoba ukiharibika, wanautengeneza.

"Na zipu?"

"Zipu sijui," alisema msimamizi. "Inatoka mbali, kwa muuzaji wa jumla. Nimeuliza sijapata jibu. Tukipata inayojulikana, tutabadilisha."

Wifi alimkanyaga mshonaji mguu. Mshonaji alielewa. Dukani hakusikia neno "sijui" hata mara moja, na kila alichoambiwa kilikuwa uongo.

Wifi alipenda mkoba wenye nakshi. Mshonaji alichagua wenye mkanda mpana, kwa sababu bega la mama limechoka na masufuria. Walibishana kidogo. Mwisho wifi alikubali kwamba kweli, anayekaa na mama ndiye anayelijua bega lake. Mshonaji alilipa kwa akiba yake ya kununulia hereni, akasema masikio yake yatasubiri.

Siku ya kumuaga, ukumbi wa kulia wa shule ulijaa. Mama mkwe alikaa mbele, mikono mapajani, hajui aiweke wapi mikono isiyo na mwiko. Fundi bomba alimkabidhi mkoba. Watu walipiga makofi wakingoja autie begani.

Hakuutia. Aliufungua, akaugeuza ndani nje mbele ya watu wote, kama alivyozoea kugeuza sufuria kutazama kitako kabla ya kuipokea. Makofi yalikatika. Mshonaji alinyoosha shingo. Alikiona kidole gumba cha mama mkwe kikipita kwenye mshono, polepole, kutoka pembe hadi pembe, hadi mahali pale palipofungwa upya.

"Aliyeshona huu alikuwa ameshiba," alisema mama. "Mtu mwenye njaa hashoni hivi. Nani amechagua?"

Fundi bomba, ambaye bado aliliamini jicho la dada yake, akafungua mdomo amtaje. Dada akamwahi.

"Wifi."

"Na yeye," alisema mshonaji. "Tulikwenda wote."

Mama aliuvaa mkoba. Mkanda ulikaa begani bila kuchoma. Alitoa miwani na dawa kwenye mfuko wa plastiki, akavipanga humo mbele yao, kimoja kimoja.

Siku hizi kadi ya kijani imebandikwa kwenye ufa wa kioo cha mshonaji. Wateja wakiuliza, anawasimulia yote, na habari ya doa haifichi. Wengine wameanza kumpitia wakiwa njiani kwenda kununua mkoba au mkanda. Anawapa maswali ya fundi viatu, na anawaambia wageuze kwanza. Pete za ule mwekundu fundi viatu amezitumia kwenye mikoba ya watu. Fundi bomba hatamki tena neno "jicho" ndani ya nyumba ile.

Mama akiumwa usiku, mshonaji humpigia wifi simu saa ile ile, hata kama ni mafua tu. Wifi huja, anakaa kitandani kwa mama, na mkoba wa mkanda mpana uko pale kwenye msumari. Juzi alikuwa anautazama muda mrefu, kisha akautazama wake wa miaka tisa, uliokunjika pembe.

Mshonaji aliyaona macho yale. Aliyajua vizuri, alikaa nayo wiki nzima.

"Wifi," alimwambia, "wako bado mzima. Nipe niugeuze, nikuonyeshe."