Maji ya Papa Germain

Kila siku baada ya masomo, Domitille alipitia sokoni kumsaidia mama yake, Alphonsine, kukusanya ndagala walioanikwa juu ya turubai. Karibu kila siku, kabla hawajafunga mzigo, alipita askari jandarme mmoja, Papa Germain, akachota samaki wale kwa mkono na kwenda zake bila kulipa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Mishahara ya askari ilikuwa haifiki, na mji mzima wa Kalemie, kando ya ziwa, ulijua.

Kisha jandarme akaacha kuonekana. Jumapili, baada ya ibada, Mama Odile aliyeongoza wamama wa kanisa aliwaambia, "Yule askari wa soko anaharisha, hawezi hata kusimama. Mke wake yuko Manono. Nani ataenda kumwangalia?"

Wamama wakaangalia chini. Mwishowe Alphonsine akasema kwa sauti ya uchovu, "Nitaenda mimi."

"Mama, yule anatuibia," Domitille alinung'unika njiani.

"Ninajua, na nimemchoka. Lakini kila Jumapili tunawaombea askari. Tutamwombea tu, halafu tumwache afe kwa kiu?"

Walimkuta kwenye kambi ya askari, amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Alphonsine alianza kufua mashuka yaliyochafuka. "Domitille, chota maji. Uyachemshe mpaka yatokote, ndipo utie sukari na chumvi."

Domitille alibeba bido lililojaa maji kutoka ziwani mpaka mabega yakamuuma. Makaa kwenye jiko la mbabula yalikuwa na unyevu, yakatoa moshi tu. Maji yalipopata uvuguvugu, alichoka kupepea. Kwa mtu huyu yanatosha, aliwaza. Akatia sukari na chumvi, akajaza kikombe.

"Yametokota?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mama."

Papa Germain alijiinua kwa kiwiko, akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Kumbe ni wewe, mutoto wa ndagala," alisema polepole. "Binti yangu kule Manono ni wa umri wako. Asante."

Alipokipeleka kikombe mdomoni, Domitille alikishika. Maji yakamwagika mkekani.

"Usinywe, Papa. Hayakutokota. Nimesema uongo."

Alphonsine aliinua macho, mikono yake ikidondosha povu. Hakumpiga. "Rudi kwenye moto," alisema.

Domitille alipepea mpaka maji yakatokota kwelikweli, akangoja yapoe, kisha akamnywesha mgonjwa kidogo kidogo. Kuanzia kesho yake wamama wengine walianza kupokezana: huyu analeta uji, yule kuni. Papa Germain akapona.

Siku aliporudi sokoni, amekonda, alisimama mbele ya turubai. "Mama Alphonsine, nimewakosea. Njaa ilikuwa njaa, lakini afadhali ningeomba."

"Siku nyingine omba, Papa," Alphonsine alimjibu. "Kanisani tutaona la kufanya."

Alipokwisha kwenda, Alphonsine alimgeukia binti yake. "Ule uongo ungeweza kumuua, na ukweli wako ulimwokoa. Kumhudumia mtu usiyempenda kunachosha, mwanangu. Lakini ukikubali kumsaidia, usimpe msaada wa nusu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesho ni zamu yetu tena. Mke wa askari jirani wa Papa Germain ameanza kuugua."

Domitille alishusha pumzi, akajitwika mzigo. "Nitatafuta makaa makavu," alisema.