Jina Lisiloandikwa Horta

"Hebu niambie, Yaqoub, wewe una mke au huna?"

Hajar alikuwa anapiga simu kutoka kwao Ibra, Oman. Yaqoub aliipokea akiwa Horta, mji wa bandari katika visiwa vya Azori, katikati ya Atlantiki. Alikuwa juu ya sitaha ya yoti, anakunja tanga.

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Nimeiona foto ya ukuta. Huwaida, mwalimu mwenzangu, ndiye alonionesha, kaikuta kwenye intaneti. Sasa walimu wote wa skuli yetu wameiona."

Yaqoub akakaa kitako. Horta wana ada yao: kila yoti inayofika lazima watu wake wachore ukutani bandarini kabla hawajaondoka, jina la boti na la kila aliyemo, ama sivyo bahari itawachafukia. Willem, Mholanzi mstaafu aliyemchukua Yaqoub pale Sur mwezi wa Februari awe baharia na fundi wake, alikuwa amejiandika pamoja na mkewe, Anneke. Chini yao pameandikwa: Yaqoub, Sur, Oman. Basi.

"Wafaransa wa jirani wamemwandika hata mbwa wao," Hajar akasema.

"Hajar, mimi mtu wa Sur. Kwetu jina la mke halitajwi mbele ya wanaume, sembuse kuandikwa bandarini kila mlevi alisome."

"Na mimi baba'angu, tulipokuwa Burundi, alikuwa na lori, Bujumbura mpaka Kigoma, na jina la mama limeandikwa mbele kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyekufa."

"Hiyo ndo kwenu."

"Haya, kwetu na kwenu. Milka, ndoa yenyewe mbele ya kadhi, tumefunga miezi minane sasa, mke wako wa halali, nyumbani kwako sijakanyaga. Ulisema safari miezi mitatu, huu wa tano. Harusi tumeiahirisha mara mbili. Leo nakuona kwenye foto unacheka, umejiandika kama kapera. N'fikiri nini?"

"N'lilinda heshima yako, wallah."

"Hukuniuliza kama naitaka heshima hiyo."

Simu ikakatwa. Baada ya saa moja ikaingia meseji:

"Kaka Marzouq anasema bora tuachane mapema. Nimechoka kumjibu. Jumamosi baba anakwenda mahakamani kunidaia talaka. Ukiwa na neno njoo ulisemee hapa."

Yaqoub aliisoma mara tatu. Ilikuwa Jumatatu, na kesho yake walikuwa wang'oe nanga kwenda kisiwa cha Flores. Alijiona ameonewa, na wakati huohuo akaogopa kama hajawahi kuogopa hata kwenye mawimbi ya Gibraltar. Alimpenda yule mwalimu mwenye maneno makali.

Anneke alikuwa anamenya viazi. "Habari mbaya?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ahli yangu. Familia."

"Mkeo?"

Yaqoub akaitikia kwa kichwa.

"Miezi mitano tunakula sufuria moja," Anneke akasema, "na sijui hata anaitwa nani."

Yaqoub akafungua mdomo, haya zikamshika, akaufunga. Hapo ndipo alipomwelewa Hajar. Akateremka chini kupanga nguo zake.

Ijumaa alasiri teksi kutoka uwanja wa ndege wa Maskati ikamshusha Ibra. Kwa mamake Sur hakupita. Barazani kwa mkwewe, Mzee Saud, alimkuta mzee mwenyewe, Marzouq na ami zake Hajar wawili. Wanawake walikuwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Sikuweza kuwasubiri wazee."

"Umefuata nini?" Marzouq akauliza.

"Nimefuata a..." Neno ahli likamkwama. Masikio yakamwaka moto. "Nimemfuata Hajar. Hajar bint Saud, mke wangu. N'kiona haya kumtaja mbele za watu, nikafanya ndo heshima. Yeye kaona nimemficha, na kweli n'limficha. Nimekosa. Nampenda, na talaka sitoi."

Ami mmoja akakohoa, akakitazama kikombe chake cha kahawa. Mambo ya namna hii hayasemwi barazani, na kila mmoja alilijua hilo, Yaqoub kuliko wote.

Mzee Saud akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Hajar, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kesho tuende mahakamani au tusende?"

Hajar akausogeza mlango kidogo.

"Muulize kama safari yake imekwisha."

"Haijesha," Yaqoub akajibu mwenyewe. "Imebaki Flores na kisiwa jirani cha Corvo. Willem kasema atanisubiri Horta wiki tatu."

"Basi harusi Alhamisi. Na Flores nakwenda na mimi."

"Mwanamke kwenye boti?" Marzouq akauliza.

"Sikukuuliza wewe, kaka."

Mzee Saud akamtazama mkwewe. "Unakubali?"

"Nakubali."

"Basi mpigie simu mama'ako. Mwambie umeshafika, na Alhamisi anakuja kumchukua Hajar."