Faili ya Purity Nyabuto

Kabati la chuma lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, wala halikuvunjwa. Kompyuta ilikuwa palepale mezani. Simu ya ofisi ilikuwa inachajiwa ukutani. Kati ya mamia ya faili za watoto, moja tu haikuwepo.

Inspekta Abigael Nyasani aliyaangalia matope kwenye viatu vyake. Ametoka Nyamira mjini hadi Magwagwa kwa ajili ya karatasi!

"Mwizi gani anaacha kompyuta na kubeba faili?"

"Hata mimi nashangaa, afande," alisema Haron Mogaka, msimamizi wa mradi uliowatafutia watoto wa wakulima maskini wafadhili wa ng'ambo. "Faili ni ya Purity Nyabuto. Mfadhili wake, bibi mmoja mzee wa Uswidi, anafika kesho kutwa kumwona. Miaka saba anamsomesha. Nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe mtoto."

Haron alikohoa.

"Ufunguo wa kabati uko kwa nani?"

"Kwangu pekee."

"Basi umejiibia."

Nje, mlinzi mzee aitwaye Ombui hakuhitaji kubembelezwa. "Ufunguo iko mbili. Moja ya bosi, ingine ya Mama Purity. Si ni yeye hupangusa ofisi?"

"Mama wa mtoto mwenye faili?"

"Huyo huyo. Kwani bosi hakukwambia?"

Abigael alirudi ndani kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Mogaka, umenidanganya kabla sijakaa. Mama Purity ana ufunguo."

"Nilisahau."

"Umesahau nini kingine?"

Abigael akalivuta daftari la afya ya watoto, akapekua mpaka akalipata jina. *Purity Nyabuto: sikoseli.* Kila mwezi dawa, kulazwa, kuongezwa damu. Halafu, kuanzia Juni miaka minne iliyopita, maneno mawili tu, mwezi baada ya mwezi: *Afya njema.*

"Niletee huyu mtoto."

Aliletwa kutoka shule ya jirani, msichana wa miaka kumi na mitatu, akihema, jasho la mpira wa mikono likimtiririka.

"Unaitwa nani?"

"Purity Nyabuto." Alijibu upesi mno, kama anayekariri shairi.

"Ulilazwa hospitali mara ya mwisho lini?"

Msichana alimtupia Haron jicho.

"Usimwangalie huyo. Niangalie mimi."

"Sijawahi kulazwa, madam."

Abigael alimrudisha darasani, akalifunga daftari kwa kishindo. "Sikoseli haiponi kwa kuandikiwa afya njema! Huyu ni mtoto wa nani?"

Haron aliketi. "Anaitwa Sharon. Yatima, jirani yao. Purity alikufa miaka minne iliyopita."

"Na barua za mfadhili?"

"Natunga mimi, Sharon ananakili. Afande, wakubwa wa Nairobi walituonya: watoto wakipungua hata mmoja, mradi unafungwa. Hawa wote wangerudi kuchuma majani chai."

"Na wewe ungerudi kuchuma nini? Faili umeificha wapi?"

"Siyo mimi! Ningeiba halafu niwaite polisi? Nairobi hawatoi faili mpya bila ripoti ya polisi."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Abigael alimwamini. Alimtia pingu hata hivyo, kwa kosa la kughushi, akamkabidhi kwa konstebo wake. Kisha akapanda mlima kwa miguu, akilaani mvua, mradi na waongo wote wa kaunti.

Persis, yule Mama Purity, alikuwa akichuma chai, kikapu mgongoni. Alipoiona sare hakuuliza kitu. Aliingia nyumbani akatoka na faili, imefungwa kwenye leso safi.

"Niliichukua Ijumaa nikipangusa," alisema. "Nilisikia Haron kwa simu. Akasema mgeni asije akaona picha ya kwanza. Itolewe, ichomwe, iwekwe ya Sharon."

"Si wewe ulikubali jina la mwanao litumike?"

"Nilikubali. Sharon alikuwa analala njaa. Nikasema, kama wangu hayuko, jina lake lisome." Akaifungua faili. Mtoto wa miaka sita, sweta limemmeza, amekunja uso kwa jua. "Jina nilitoa, afande. Hii sikutoa. Ndiyo picha yake pekee duniani. Kila Ijumaa nilikuwa nafungua kabati namwangalia. Wakiichoma, nitamsahau uso."

Hasira ya Abigael ilitafuta pa kutua, ikakosa.

"Sasa mama, kwa nini hukuomba tu?"

"Nimwombe nani? Nani angenipa picha ya ukumbusho ya mtoto ambaye wanasema yuko hai?"

Chini bondeni kengele ya shule ililia. Persis aligeuka. "Na Sharon?"

"Mgeni nitamwambia mimi mwenyewe. Sharon atakuwa kando yangu, kwa jina lake. Mgeni akikataa kumsomesha, atamkataa akimtazama machoni."

Alitoa kalamu, akaandika kwenye orodha ya vielelezo: faili moja, kurasa thelathini na mbili. Picha hakuiandika. Aliibandua taratibu kwa ukucha asiichane, akamrudishia mama wa mtoto.