Gari Lisilotakiwa Kupona

Machage, fundi magari wa Mwisenge, ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona ubovu akaupita. Mkaribishe chai nyumbani kwako, asikie feni inakwaruza, basi chai itapoa yeye yuko juu ya kiti na bisibisi mkononi. Mke wake, Jenoveva, mama wa binti yao Dorah, alizoea kumtania kwamba siku moja atanyanyuka akaze skrubu za jeneza lake mwenyewe. Siku hizi utani huo umekwisha kabisa nyumbani kwao.

Mambo yalianza Jumamosi moja ya jua zuri, walipokwenda Butiama kumsalimia mama yake Jenoveva, Mama Nyamburi. Walimkuta anarudi shamba na jembe begani, miaka sabini na kitu, anatembea haraka kuliko wao. Machage akasimama kando, akainamisha kichwa, akaamkia kutoka pale pale. Ndiyo heshima ya ukwe aliyofunzwa kwao. Miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kumpa mkono mama mkwe wake, hajakanyaga chumbani kwake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mkewe au kwa shemeji yake, Brian, anayeishi pale na mama.

Wakati chakula kinaiva, macho yake yakaenda nyuma ya jiko. Chini ya banda la mabati palikuwa na gari dogo la kijani la marehemu baba mkwe, Mzee Baltazar. Lilikuwa limekaa hapo miaka tisa, kuku wanataga kiti cha nyuma. Alikuwa akiliona kila wakija, lakini siku hiyo lilimchoma. Yaani yeye ni fundi, watu wanamletea magari kutoka Bunda, halafu mama mkwe wake anakwenda kanisani kwa bodaboda! Aliona aibu ya kweli. Akamtuma Brian amweleze mama: gari analichukua, analitengeneza kwa mikono yake, na Krismasi atalirudisha likinguruma.

Brian akaenda, akarudi. Mama anashukuru sana, ila gari liachwe lilivyo.

Machage akatabasamu. Mama mkwe gani hupokea zawadi ya mkwe mara ya kwanza? Mwenye adabu hukataa kidogo, na mkwe mwenye adabu huleta hivyo hivyo. Jumatatu, mama akiwa shamba, gari likafungwa kamba nyuma ya pikapu, likavutwa hadi gereji kwake.

Alianza na rejeta. Alijaza maji, yakaanza kudondoka chini, tundu dogo tu la uzee. Akakinga tone kwa kidole akalionja, kama mafundi wa zamani wanavyofanya kujua kama maji yamechanganyika na oili. Hakukuwa na oili. Kulikuwa na chumvi. Na maji aliyachota yeye mwenyewe bombani, dakika tano hazijapita. Akatema mate, akachomelea lile tundu, akaendelea na kazi.

Jioni hiyo Brian akapiga simu: mama anatokwa na jasho si la kawaida, shuka zinakamuliwa. Jenoveva akafungasha nguo mbili tatu, asubuhi akapanda gari la Butiama. Walidhani ni malaria.

Jumatano Machage akaingia kwenye kabureta. Gari lilikuwa likiwaka, linakohoa mara tatu, linazima. Ubovu wa kawaida huo kwa gari lililolala, na dawa yake anaijua hata usingizini. Akatoa jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi. Kompresa anayo, lakini jeti hupuliza kwa mdomo, anasema mdomo haudanganyi. Akapuliza. Ule uchafu ukatoka mzito, ukaanguka vumbini. Akarudisha jeti, akapiga stata, injini ikakubali mara moja na kutulia.

Alifurahi hadi akampigia Jenoveva amsikilizishe. Jenoveva hakuwa na muda wa injini. Alisema mama ameanza kukohoa, sasa hivi tu, na hawajui kimetoka wapi. Machage akakisikia kikohozi chenyewe kwenye simu. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Akasema pole, mpelekeni hospitali. Akakata simu, akafunga boneti. Alijua alikosikia ule mtindo, lakini mtu mzima huwezi kujiambia jambo kama hilo ukiwa umesimama juani.

Hospitali walipima kila kitu. Majibu yakatoka safi.

Ijumaa ukabaki ubovu mmoja. Injini ilikuwa inagonga ndani. Hapo fundi huchukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaugandamiza nyuma ya sikio, na injini inamweleza yenyewe inapoumwa. Kama ni beringi, ukiongeza mafuta na kugonga kunakwenda mbio.

Akainama. Akasikiliza. Du. Du.

Akavuta waya wa mafuta. Injini ikapaa. Kugonga hakukubadilika.

Akaachia. Vile vile.

Akazima. Feni ikazunguka, ikasimama.

Du. Du.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza dagaa, watoto wa shule wanapita. Machage akajituliza kwamba anasikia mapigo yake mwenyewe. Akaweka vidole shingoni. Yake yalikuwa yanakimbia. Yale ya kwenye chuma yalikwenda polepole, kama ya mtu aliyelala, na katikati yakakosa pigo moja. Akangoja. Yakaendelea.

Spana ya kufungulia injini ilikuwa tayari mkononi simu ilipoita. Jina lilikuwa la Jenoveva. Sauti haikuwa yake.

"Baba," ilinong'ona. "Umeshaifungua injini ndani?"

Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kusema naye moja kwa moja tangu amwoe binti yake. Akajibu, bado, mama.

"Usifungue. Mzee alinifungiaga humo."

Kikohozi kikamkata. Jenoveva akachukua simu, akaeleza huku analia yale ambayo mama alikuwa amemaliza kumweleza. Miaka tisa nyuma mama aliumwa ugonjwa wa kufa: jasho, kikohozi, moyo unaokosa mapigo. Mzee Baltazar alikwenda upande wa Bunda akarudi na mtu. Mtu yule aliuliza swali moja tu, kama pale nyumbani kuna kitu chenye nguvu kisicho na roho. Siku ya tatu mama akaamka akaomba uji. Wiki hiyo hiyo gari la mzee likafa, na mzee akakataa fundi asiliguse. Watoto wote waliyaona hayo mawili na hakuna aliyeyaunganisha.

"Si alikwambia liachwe?" Jenoveva akasema. "Brian si alikuletea neno lake?"

Machage alikuwa amelipokea neno lile na kuliita heshima.

Akaiacha simu juu ya betri, spika ikiwa wazi. Akatwaa msumari na nyundo, akaitoboa rejeta pale pale alipochomelea. Maji yakaanza kudondoka. Haikupita dakika kumi, Jenoveva akasema jasho limekauka. Fundi akalia pale pale, bila kujali nani anamtazama.

Lakini kikohozi kilibaki, na sasa kilitoka na damu. Uchafu wa jeti ulikuwa umeanguka vumbini, na gereji ilikuwa imefagiliwa mara mbili tangu siku ile. Akazibia jeti kwa masizi. Gari likawaka safi. Akazibia kwa udongo. Likawaka safi. Fundi mwenye jina lake, kwa mara ya kwanza maishani anaomba gari liharibike, na gari limepona kabisa. Kwenye simu mama alikuwa anavuta hewa kwa shida.

"Baba Dorah," Jenoveva akanong'ona. "Anakwenda."

Ndipo akakumbuka ule uchafu ulitokaje. Ulitoka kwa pumzi yake. Akang'oa chujio la hewa, akaweka midomo kwenye tundu la kabureta, akapuliza. Hakupuliza kidogo. Alimimina pumzi yote aliyokuwa nayo, mbavu zikauma, macho yakaingia giza, na alipotaka kujitoa, kitu mle ndani kikaendelea kuvuta. Alipoachiwa alianguka chini.

Akatambaa hadi kwenye kiti. Akapiga stata.

Gari likakohoa mara tatu, likazima.

Kwenye simu, kikohozi kikakoma. Halafu Jenoveva. "Amelala. Anapumua vizuri."

Kesho yake walilivuta gari kurudi Butiama, wakalisukuma chini ya banda lake. Mama Nyamburi alikuwa ameketi nje anachambua mboga. Machage akasimama kando, akainamisha kichwa, akaamkia. Mama akamtazama kwa muda mrefu, macho yakamlenga machozi, akamwambia Brian ampe mkwe kiti, amsogezee kivulini.

Hakukaa. Kutulia kulimshinda. Akachukua bisibisi, akazunguka nyuma ya jiko kuhakikisha. Akaweka ncha kwenye injini ya baridi, mpini nyuma ya sikio.

Du. Du. Polepole. Yupo. Akashusha pumzi.

Kisha chini yake akasikia sauti nyingine.

Hii ilikuwa ya haraka. Akashtuka, nayo ikaongeza mwendo. Akaweka vidole shingoni. Akavihamisha. Akajaribu kifundo cha mkono, kushoto, kulia, hakuna pigo. Ile ya kwenye chuma ikawa inakimbia.

Akamwita mkewe taratibu. Hakumweleza kitu. Alimwekea mpini nyuma ya sikio, ncha akaielekeza kifuani pake mwenyewe, akamwomba asikilize. Jenoveva akasikiliza. Akaisogeza ncha kushoto kidogo. Akasikiliza tena, muda mrefu. Kisha akaichukua ile bisibisi, akaigusisha boneti, akasikiliza hapo.

Aliiondoa polepole, akaifutia kwenye kitenge chake.

"Nitamwambia Brian," alisema, "asije akawauzia hii gari wale wa chuma chakavu."