Kofia ya Getini

Uongo wa mwanamume mimi naunusa kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana nimeolewa mara tatu tu na kudanganywa mara nne. Huyo wa nne mpaka leo sijui alipitia mlango gani. Kwa hiyo simcheki jirani yangu Msusi, aliyelala na uongo kitanda kimoja wiki saba na akaufulia soksi.

"Soma tena," alimwambia mumewe.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mimba mwezi wa tisa, miguu imevimba hata ndara zinamkataa, na juu ya kitanda karatasi mbili. Mumewe alikuwa mlinzi wa geti kwenye hospitali ya kulipia. Sare aliivalia kazini, lakini kofia yake ya kazi hakuivua hata akila, mpaka mtaa mzima ukamwita Kofia, na jina la kuzaliwa likabaki kwa mama yake.

"Hospitali ya kulipia," Kofia akasoma. "Kujifungua kawaida, laki nane. Operesheni, milioni mbili na nusu. Kitanda kila usiku, mbali. Daktari wa usingizi, mbali. Mtoto akihitaji mashine ya joto, mbali."

"Kila kitu mbali. Cha karibu ni nini?"

"Cha karibu ni geti, Mama Kijacho. Kulitazama ni bure."

"Usinichekeshe, nitajikojolea. Na hiyo nyingine?"

"Ya serikali. Kujifungua bure. Unakwenda na glavu jozi sita, pamba, wembe mpya, uzi wa kitovu, mpira wa kutandika, beseni. Na watu wawili wa kutoa damu."

Msusi akamnyang'anya ile karatasi, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

"Kule ndiko dada yangu alikokata roho. Sakafuni, chini ya kitanda cha tatu, maana juu walishakuwa wawili. Walituambia tulete watu wa damu, sisi tukaleta watu wa kulia. Siendi kule, hata mnibebe kwenye machela."

"Kule angalau hakuna geti."

"Unasemaje?"

"Nasema joto limezidi leo."

"Kofia, wewe ndiye uliyeniambia wafanyakazi mnalipa nusu. Bima hatuna..."

"Kampuni imelikatia bima geti. Mlinzi wamemsahau."

"...bima hatuna, nikakupa pesa yangu ya kusuka ya mwaka mzima ukatangulize. Umelipa, hujalipa?"

"Nimelipa."

"Risiti?"

"Iko kazini, kwenye droo."

Akajikuna mkono, na Msusi akaona plasta kwa ndani ya kiwiko.

"Na hapo?"

"Geti limenibana."

"Geti limekubana kwa ndani?"

"Geti lenyewe kubwa, mke wangu."

Akaenda kuoga haraka haraka, na kwa haraka hiyo akasahau simu kitandani. Simu ikalia. Msusi si mchunguzi. Aliisogeza tu isianguke, na macho yakasogea nayo. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Sista:

*Kesho usichelewe. Na unywe chai kabisa, sitaki unizimikie tena mikononi kama juzi. Mkeo utamwambia lini?*

Jumatatu asubuhi Kofia alikunywa chai vikombe viwili, yeye ambaye kimoja humshinda.

"Leo chai imekuwa tamu," Msusi akasema.

"Mwili unataka."

"Mwili, eh?"

Alipotoka tu, Msusi akampigia mama yake.

"Mama, Kofia ana mwanamke."

"Ana pesa?"

"Hana."

"Basi huyo mwanamke ni mgonjwa."

"Mama, anazimia mikononi mwake!"

Mama mtu akakumbuka ya kwake.

"Baba yako hakuwahi kunizimikia hata siku moja. Nenda kazini kwake ukamtazame usoni. Ila usirushe ngumi, una mtu tumboni."

Msusi akaenda. Njiani mgongo ukawa unamkata, akasema ni hasira. Akafika getini. Aliyetoka kibandani hakuwa Kofia. Alikuwa mlinzi mnene wa makamo, sare imembana tumboni, kichwa wazi.

"Habari za kazi, kaka. Namtafuta mwenzio, Kofia."

"Kofia yupi, yule aliyefukuzwa?"

Msusi akashika chuma cha geti.

"Mimi ni mkewe."

"Loo, shemeji." Yule mlinzi akapoa. "Hii wiki ya saba. Sare alirudisha yote. Ila kofia yenyewe alisema imepotea."

"Alikosa nini?"

"Alikuja mama mmoja kwenye teksi, uchungu umemshika, hana pesa ya kutanguliza. Amri hapa ni moja, bila karatasi ya mhasibu geti halifunguki. Kofia hakufungua. Nusu saa nzima, mume wa mtu anapigia ndugu simu, na Kofia amesimama hapo hapo uliposhika wewe. Halafu yule mama akaacha kupiga kelele. Hapo ndipo Kofia alipoliacha geti, akaingia kwenye teksi, akampakata mpaka hospitali ya serikali. Mama alipona."

"Na mtoto?"

Mlinzi akautazama mnyororo wa geti.

"Mtoto hakulia."

Msusi alitaka kusema neno, lakini kitu cha moto kilimshuka miguuni. Alidhani ni maji. Akatazama chini, hayakuwa maji.

"Kaka, fungua. Jina langu limo ndani, nimetanguliziwa pesa."

Mlinzi akapiga simu ya kibandani, akasikiliza, akaiweka taratibu.

"Hawana jina lako, shemeji."

"Nifungulie tu. Utawaambia nilisukuma."

"Shemeji, nina watoto wanne."

Alisema hivyo huku machozi yakimlenga, na geti hakulifungua. Alichofanya ni kukimbilia barabarani kusimamisha teksi na kumlipa dereva kwa pesa ya mfukoni mwake.

"Hospitali gani, mama?" dereva akauliza.

Msusi akaligeukia lile geti. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, nzuri kweli.

"Ya serikali," akasema. "Endesha."

Wodi ya wazazi ilinuka dawa na jasho. Vitanda wawili wawili, wengine chini. Mkunga mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akampandisha kwenye kitanda cha magurudumu pale koridoni, akampima, akarudia kupima. Kisha akauliza,

"Mumeo nani?"

"Wanamwita Kofia."

"Mbona hukusema!"

Akainama chini ya meza, akavuta beseni jipya, bado lina karatasi ya dukani. Ndani yake glavu, pamba, wembe, uzi, mpira uliokunjwa vizuri. Ubavuni pameandikwa kwa rangi ya kucha, nyekundu, ile ile iliyopotea kabatini mwezi uliopita: MKE WA KOFIA.

"Wewe ndiye Sista?" Msusi akauliza. "Unayemshika akizimia?"

"Nimshike! Nilimchoma sindano ya kutoa damu akaniangukia kama gunia, dume zima. Akamleta na kinyozi wa mtaani kwenu, naye chali. Lakini walitoa wote wawili, nawe umewekewa chupa mbili za kundi lako. Kwenye friji, zina jina."

"Na pesa yangu?"

"Bahasha ninayo mimi, ya dawa za operesheni. Imepungua. Amesema alilipia kodi ya nyumba wiki alizokaa bila kazi, na aliona haya mpaka nikamwonea haya mimi. Sasa nisikilize. Kondo la nyuma limeanza kuachia kabla ya mtoto. Unapasuliwa. Yuko mmoja mbele yako."

"Nitakufa?"

"Sijui," mkunga akasema, wala hakutabasamu. "Lakini hutakufa kwa kukosa damu."

Msusi akafumba macho. Tumboni mtoto alicheza mara moja, kidogo, kama anayebisha hodi na kuogopa kusumbua.

"Kofia yuko wapi?"

"Si yule kule wodini? Tulimpa kazi ya usafi. Nimwite?"

"Usimwite. Nitamwita mwenyewe."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Kule mwisho mtu aliyevaa mabuti ya mpira alikuwa anapiga deki, mgongo umegeuka, kofia kichwani. Alifika kitanda cha tatu akaacha kusukuma. Akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya kitanda, akasugua kwa tambara, polepole, kama anayemfuta mtu uso. Akasuuza tambara, akarudia pale pale.

Msusi akatoa simu. Vidole viliteleza, akavipangusa kwenye gauni, akapiga.

Akamwona akisimama. Akamwona akiegemeza fagio la deki ukutani, akiweka kofia sawa, akikohoa kutafuta ile sauti yake ya kazini.

"Haloo, Mama Kijacho!"

"Uko wapi, mume wangu?"

"Nitakuwa wapi tena? Niko getini. Leo magari hayana mwisho."

"Umekunywa chai?"

"Si ulinipa mwenyewe? Mbona sauti yako iko chini, uko salama?"

"Niko. Geti liko wazi au limefungwa?"

"Limefungwa. Halifunguki bila karatasi, unajua tena."

Uchungu ukaja. Msusi akauma shuka mpaka ukapita, na Kofia akawa anaita haloo, haloo, huku akiziba sikio la pili kwa sababu ya mama mmoja aliyelia kitanda cha jirani.

"Kofia."

"Naam, mke wangu."

"Hapo mguuni pa kitanda cha tatu, upande wa ukutani. Hujapafikia. Rudia."

Kofia akaitazama ile kona kwanza. Kisha akaitazama simu. Kisha akageuka.